Barafu Ikiyeyuka, Saa Inaanza: Mafunzo Niliyopata Kwenye Chumba cha Damu

Nimezaliwa Ujiji, kwenye nyumba ya watu wa samaki. Bibi yangu aliuza migebuka, na kabla sijajua kusoma nilishajua kumtazama samaki jicho na kumbonyeza mgongo nikatambua amekaa siku ngapi. Nilipoajiriwa maabara nikapangiwa chumba cha damu, nikakuta kazi inafanana na ile ya bibi: kujua kitu kimekaa muda gani, na kwenye baridi gani. Ila plazma haina jicho la kutazama. Iliyoyeyushwa saa moja iliyopita na iliyoyeyushwa juzi zote ni maji ya njano. Lebo peke yake ndiyo inayojua.

1. Kilichoyeyuka hakigandishwi tena

Nilikuwa mgeni kazini, katika hospitali kubwa mbali na Kigoma. Leba wakaomba mifuko minne ya plazma kwa mama aliyekuwa akitoka damu nyingi baada ya kujifungua. Nikaiyeyusha yote minne kwenye maji ya nyuzi 37. Walitumia miwili, damu ikakata, namshukuru Mungu. Miwili ikarudi kwangu, nami nikafungua friza niirudishe nilikoitoa. Dada mkubwa wa zamu akanishika mkono. "Mdogo wangu, hiyo imeshaamka. Hailali tena."

Akanieleza taratibu, bila kunifokea. Plazma iliyogandishwa mapema baada ya kuchangiwa, ikikaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, hudumu mwaka mzima. Ikishayeyuka huhamia kwenye friji la damu, nyuzi 2 hadi 6, na kwa utaratibu wa kawaida ina saa 24. Protini zinazogandisha damu mwilini huanza kuchoka, na za kwanza kuchoka ni faktari ya 8 na ya 5. Kuirudisha kwenye friza hakuzirudishi nguvu zake.

2. Siku tano zina masharti yake

Baadaye nilisoma kwamba Marekani plazma iliyoyeyushwa hukaa kwenye friji hadi siku 5. Nikaona tunatupa mali bure. Nikasoma zaidi, nikanyamaza. Kule baada ya saa 24 mfuko hubadilishwa jina na lebo, ili daktari ajue kwamba faktari ya 8 imepungua. Uingereza nako kawaida ni saa 24, wakaruhusu saa 120 kwa mgonjwa anayetokwa na damu nyingi ghafla. Mama wa leba au majeruhi wa ajali inaweza kumfaa, kwa kuwa protini nyingine nyingi bado zipo. Mtoto mwenye hemofilia anayehitaji hasa hiyo faktari ya 8 umempa maji ya njano tu. Kwa hiyo mimi hufuata muda ulioandikwa kwenye mwongozo wa hospitali yangu, na siongezi hata saa moja kwa sababu nimesoma mahali kwamba wenzetu wanaongeza.

3. Krayo haitaki friji

Hili liliwahi kunichanganya, maana tumefundishwa kwamba baridi ni rafiki wa damu. Mwaka 1964 mtafiti wa Marekani, Judith Graham Pool, alionyesha kuwa plazma iliyogandishwa ikiyeyushwa polepole kwenye baridi huacha machicha meupe chini ya mfuko, na machicha hayo yamejaa faktari ya 8. Hayo ndiyo krayo, na ndani yake imo pia fibrinojeni, ambayo mama anayetokwa na damu huishiwa nayo mapema. Sasa fikiri: kitu kilichopatikana kwa sababu kinajitenga kwenye baridi, ukikiyeyusha kisha ukakitia kwenye friji, kitajitenga tena. Ndiyo maana krayo ikiyeyuka hukaa kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hadi 24. Na kwa kuwa joto hilo linawafaa pia bakteria, muda wake ni mfupi: saa 6, na 4 ikiwa mifuko imefunguliwa ikachanganywa.

4. Andika saa ambayo hakuna atakayeikosea

Nikiulizwa ni fundisho gani moja nimpe kijana anayeanza kazi hii, nitampa hili. Usiku mmoja mwenzangu aliyeyusha plazma saa tatu na dakika ishirini. Akaandika kwenye lebo "3:20", kama sisi sote tunavyosema nyumbani. Asubuhi akaingia zamu mtu aliyezoea saa za kwenye simu. Alipoisoma 3:20 akaelewa ni alfajiri, saa tisa na dakika ishirini. Tofauti yake ni saa sita kamili.

Usiku uliofuata, saa nne, daktari akaomba plazma ya kundi AB, na mfuko ule ulikuwa AB. Kwa hesabu ya yule wa asubuhi ulikuwa umebakiza zaidi ya saa tano. Kwa hesabu ya kweli muda wake ulikwisha dakika arobaini nyuma. Tuliugundua kwa sababu mwandishi mwenyewe alikuwa amerudi zamu na akauona mkononi mwangu ukitoka. Angekuwa na mapumziko siku ile, ungekwenda.

Tangu hapo naandika 21:20, na siandiki saa iliyoyeyushwa peke yake. Naandika tarehe na saa ya mwisho wa matumizi kwa herufi kubwa, ili msomaji asilazimike kujumlisha akiwa na usingizi. Kiswahili chetu kinahesabu siku tangu jua linapochomoza, na ninakipenda kwa hilo. Kwenye mfuko wa damu lakini, namba ni za saa 24.

5. Mfuko ulioganda hupasuka kama chupa

Ushike kwa mikono miwili. Kabla ya kuuzamisha, uvike mfuko mwingine safi, maji ya bafu yasiguse midomo yake. Ukiuona unavuja, utupe.

6. "Yuko njiani" haitoshi

Hili nililijifunza baada ya kurudi huku kwetu ziwani, Kigoma, tena kwa damu nzima, ambayo ndiyo hospitali nyingi za wilaya hutumia. Vijiji vya kusini mwa mwambao, Sigunga, Buhingu, Kalya, wagonjwa wengi huletwa kwa boti. Upepo ukigeuka, hakuna anayeweza kukuahidi saa ya kufika. Simu iliingia saa kumi jioni: mama anatoka damu, boti imeshaondoka. Kwa huruma nikatoa chupa mbili za kundi O nikaziweka mezani, mkunga akija asisubiri. Boti ilifika saa nne usiku. Damu iliyokaa nje ya friji zaidi ya dakika 30 hairudi kuhifadhiwa, na ikianza kuongezwa lazima iishe ndani ya saa 4. Chupa zangu mbili nikazimwaga. Yule mama alipata nyingine kwa kuwa siku hiyo zilikuwepo, na alipona. Nimekaa na hofu ya jambo hilo miaka mingi.

Huruma yangu ilikuwa ya kweli, hesabu ndiyo iliyokosea. Damu kutoka kwenye friji ni kazi ya dakika chache. Hata plazma huyeyuka kwa nusu saa hivi, muda ambao mgonjwa anashushwa, anapakiwa kwenye gari na kufikishwa. Hakuna unachookoa kwa kuanza boti ikiwa bado katikati ya maji.

7. Simu ya pili

Kanda ya Magharibi ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama iko Tabora, mwendo wa kilomita zipatazo 400 kwa reli kutoka hapa. Shule zikifungwa, wachangiaji wetu wakubwa, wanafunzi wa sekondari, hutawanyika, na friji huanza kuonekana mgongo. Ndiyo sababu kila mfuko unaomwagwa unaniuma.

Mkunga, daktari, unayesoma haya ukiwa Uvinza, Kasulu, Kibondo au kwenye zahanati ya ufukweni: tupigie simu mapema tujiandae, kisha tupigie tena boti ikigusa mchanga au gari likikaribia, hapo ndipo tutakapoyeyusha. Na damu ikikata kabla mfuko haujatumika, tupigie usiku huohuo. Saa zilizobaki kwenye lebo zinaweza kumtosha mgonjwa wa wodi ya pili.