Sinema ya Kweli, au Eti ya Kweli?

Mwanzoni mwa sinema nyingine huandikwa kwamba hadithi yake imetokana na kisa cha kweli. Sisi sasa tunajua kusoma. Basi na maneno hayo tuyasome kwa makini.

Mwaka 2002 huko Marekani ilitoka sinema iitwayo Catch Me If You Can, maana yake "Nikamate Kama Unaweza". Aliyeiongoza ni Steven Spielberg. Inamhusu kijana tapeli, Frank Abagnale. Anajifanya rubani, mara daktari, mara mwanasheria, huku akiandika hundi za uongo. Hundi ni karatasi ya kuiagiza benki imlipe mtu fedha. Mpelelezi anamfukuza, yeye anaponyoka. Watazamaji wanacheka kweli kweli!

Wahakiki ni watu wanaotazama sinema, kisha wakaandika magazetini uzuri na kasoro zake. Wengi waliisifu sinema hii. Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times aliipa nyota 3 kati ya 4. Christopher Walken, aliyecheza kama baba wa tapeli, aliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Wachache walinung'unika kuwa ni ndefu mno.

Haya, na ukweli wa kisa chenyewe je? Hapo wengi hawakupima. Walipima uchezaji tu. Kumbe tangu 1978 gazeti la San Francisco Chronicle lilikwisha andika kwamba madai ya Abagnale hayathibitiki. Halafu mwaka 2020 mwandishi Alan Logan akatoa kitabu, baada ya kupekua karatasi za mahakama na magereza. Ikaonekana kwamba muda mwingi ambao bwana huyu alidai alikuwa akiruka na ndege, alikuwa jela, New York! Yeye alidai hundi zake zilifika dola milioni 2.5. Zile za kampuni ya ndege zilizomtia hatiani hazikufika hata dola 1,500.

Liko jambo linalotuuma zaidi. Mwaka 1969, huko Louisiana, familia moja ilimkaribisha nyumbani kama mgeni. Akawaibia hundi zao. Wizi huo haumo katika sinema. Mle ndani wanaoibiwa zaidi ni mabenki na makampuni, ndiyo maana tunacheka bila kumhurumia mtu.

Zungumzeni darasani: mhakiki angeandika nini mwaka ule, kama angeanza kwa kuiuliza familia ile?