SOMO LA MWEZI: LAANA AMBAYO MUNGU HAKUITOA

Soma kwanza: Mwanzo 9:1–27 na 10:6–20, Hesabu 12:1–15, Matendo 8:26–39 na 13:1–3, Wagalatia 2:11–14.



Wako Wakristo wengi, wazee kwa vijana, waliopata kusikia kwamba mtu mweusi ni mzao wa Hamu, na kwamba Hamu alilaaniwa na baba yake Nuhu, ndiyo sababu watu weusi wakawa watumwa. Wengine huyasema haya kwa kucheka, wengine kwa huzuni, na wengine huyaamini kabisa. Somo letu la mwezi huu ni kulichunguza neno hilo: limetoka wapi, limefanya nini duniani, na sisi yatupasa kufanya nini. Maana ubaguzi wa rangi hauishi kwa sheria na bunduki peke yake. Huishi pia kwa mafundisho, na fundisho la uongo haling'oki mpaka mtu ajifunze lililo kweli.

1. Biblia inasema nini hasa?

Nuhu alipanda mizabibu, akanywa, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu akamwona, akawaambia ndugu zake waliokuwa nje. Shemu na Yafethi wakaingia kinyumenyume na vazi, wakamfunika baba yao. Nuhu alipolevuka akatamka laana. Sasa angalia vizuri: alimlaani nani? Mstari wa 25 wamtaja Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu mwenyewe hakulaaniwa. Tena aliyetamka ni Nuhu, mtu aliyeamka katika ulevi wake. Hatuambiwi kwamba Mungu ndiye aliyesema. Neno la Mungu mwenyewe juu ya watoto hawa liko katika mstari wa kwanza wa sura hiyo hiyo, nalo ni baraka. Mungu aliwabariki Nuhu na wanawe, Hamu akiwamo.

Kisha soma sura ya 10. Hamu alikuwa na wana wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi ndiyo nchi iliyokuwa kusini ya Misri, penye Sudani ya leo. Lakini wana wa Kanaani walikaa wapi? Mstari wa 19 wasema mipaka yao ilikuwa kutoka Sidoni hata Gaza, yaani pwani ya Asia. Basi hata mtu akishikilia laana ile, haikuwafikia watu wa Afrika. Na rangi ya ngozi haikutajwa popote katika habari hiyo, hata kwa neno moja.

Mahali pengine Biblia yaitaja nchi ya Kushi, nayo haisemi laana. Musa alioa mwanamke Mkushi. Miriamu na Haruni walipomnung'unikia kwa ajili ya mke huyo, Bwana aliwakasirikia, na Miriamu akapigwa ukoma, akawa mweupe kama theluji. Towashi wa malkia Kandake alibatizwa na Filipo barabarani, kabla Petro hajaingia nyumbani kwa Kornelio. Na katika kanisa la Antiokia, miongoni mwa manabii na walimu waliomwekea Paulo mikono, alikuwamo Simeoni aitwaye Nigeri, maana yake mweusi, na Lukio wa Kirene, mji wa Afrika ya Kaskazini.

2. Uongo huu ulikuaje?

Ikiwa haumo katika Biblia, umetoka wapi? Umetoka kwa watu waliokuwa na watumwa na waliotaka dhamiri zao zinyamaze. Kwanza huja faida, kisha hutafutwa aya ya kuifunika.

Jambo hili halikuanza na Wazungu peke yao. Katika nchi za Waarabu pia lilisemwa, hata mwanachuoni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, akaona lazima alikanushe katika karne ya 14. Aliandika kwamba Taurati haisemi lolote juu ya weusi, na kwamba rangi ya mtu yatokana na jua na hewa ya nchi yake. Katika karne ya 15 Wareno walipoanza kuteka watu katika pwani ya Afrika Magharibi, Zurara, mwandishi wa habari za mfalme wao, aliitaja laana ya Nuhu kuwa sababu. Mwaka 1861 majimbo ya kusini ya Marekani yalijitenga ili yasipoteze watumwa. Makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alihutubia mjini Savannah akaitaja laana ya Kanaani, na kusema serikali yao imejengwa juu ya msingi kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe.

Kanisa letu la Kianglikana nalo halikukaa pembeni. Christopher Codrington alipokufa mwaka 1710 aliachia chama cha misioni cha SPG mashamba yake mawili ya miwa katika kisiwa cha Barbados, pamoja na watumwa waliomo. Chama hicho kilikuwa kimeundwa mwaka 1701 ili kueneza Injili. Watumwa wa mashamba yale walipigwa chapa ya moto kifuani, neno la Kiingereza lenye maana ya "Chama". Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Waingereza mwaka 1834, serikali ililipa fidia ya pauni milioni 20. Hawakulipwa waliotumikishwa, bali waliowatumikisha. SPG ilipokea zaidi ya pauni 8,800 kwa ajili ya watu 411. Mwaka 1807 ilipigwa chapa London Biblia ya pekee kwa watumwa wa visiwa vile. Habari ya Waisraeli kutoka utumwani Misri iliondolewa, lakini agizo la watumwa kuwatii mabwana zao lilibaki. Waliochapa kitabu hicho walijua vema nguvu ya Neno la Mungu. Ndiyo maana walilikata.

Ilikuwa mwaka 2006 ndipo Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipoomba radhi kwa sehemu ya Kanisa katika utumwa, na mwaka 2023 wasimamizi wa mali za Kanisa hilo walitangaza kwamba mfuko mmoja wa zamani uliwekeza fedha katika biashara ya watumwa. Waliyajua hayo kwa kufungua vitabu vyao vya hesabu na kuvisoma.

3. Uongo ule ule, nguo nyingine

Mwaka 1860 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Unguja kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Mwanzoni anasema habari za laana ya Hamu juu ya mtu mweusi. Lakini alipofika katika falme za maziwa makuu alikuta watawala, majumba na utaratibu. Mtu aliyeamini kwamba mweusi hawezi kutawala ataelezaje jambo hili? Speke aliandika kwamba watawala wale lazima wametoka Uhabeshi, wakiwa jamaa ya mbali ya watu weupe.

Waliomfuata wakaligeuza jina. Hamu aliyekuwa amelaaniwa akafanywa sasa baba wa "Wahamu", watu waliodhaniwa kuileta akili Afrika. Mwaka 1930 mtaalamu C. G. Seligman aliandika kwamba maendeleo ya Afrika ni kazi ya Wahamu hao, nao wa jamii moja na Wazungu. Hivyo uongo ulisimama juu ya miguu miwili inayopingana, nao ukabaki na neno moja tu: lililo jema limetoka kwa weupe.

Katika Rwanda fundisho hili liliingia shuleni na ofisini. Wabelgiji waliwahesabu Watutsi kuwa Wahamu waliozaliwa kutawala, na Wahutu kuwa watu wa kutawaliwa. Katika miaka ya 1930 waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Watu waliokuwa na lugha moja na desturi moja walifundishwa kwamba ni mataifa mawili. Miaka ilipopita, maneno yaliyosemwa kwa kumsifu Mtutsi yakatumika kumfukuza: kama ametoka Uhabeshi, na arudi Uhabeshi. Novemba 1992 mwanasiasa mmoja alisema hadharani kwamba watarudishwa kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, kuanzia Aprili hata Julai, waliuawa watu wapatao laki nane kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na maiti nyingi zilipita katika mito mpaka Ziwa Viktoria. Wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Nyamata na Ntarama.

Waliofanya mauaji wana hatia yao mbele za Mungu na watu. Lakini yatupasa kuona kwamba panga lile lilinolewa miaka mingi kwa kitabu na ubao wa shule.

4. Nasi je?

Mtu aweza kusema, "Haya ni dhambi ya Wazungu, mimi ni Mwafrika, sina la kujifunza." Lakini mbegu hii haichagui shamba. Mama anapompaka binti yake dawa ya kuchubua ngozi, ameipokea. Tunaposema kabila hili lina akili na lile ni la watumishi, tumeipokea. Mtoto wa Shule ya Jumapili akiambiwa amchore malaika humchora mweupe, na shetani mweusi, nani alimfundisha?

Paulo alimpinga Petro mbele ya watu wote pale Antiokia, kwa sababu Petro aliacha kula na watu wa mataifa kwa kuogopa wakubwa kutoka Yerusalemu. Petro alijua ukweli, maana alikwisha kufunuliwa. Hofu ndiyo iliyomshinda. Basi kujifunza ni mwanzo, na kusema ulilojifunza ni mwendo wake. Padre Trevor Huddleston, mzaliwa wa Uingereza, aliona kwa macho yake huko Afrika Kusini watu weusi wa Sophiatown wakihamishwa kwa nguvu mwaka 1955, naye hakunyamaza. Baadaye alikuwa Askofu wa Masasi, 1960 hata 1968, na aliendelea kuupinga ubaguzi mpaka sheria zake zilipoanguka na watu wote wa nchi ile wakapiga kura mwaka 1994.

Tufanye nini katika mtaa wetu?

(a) Tusome sura nzima, si mstari mmoja. Mtu akileta laana ya Hamu, mfungulie Mwanzo 9 msome pamoja, taratibu, bila kumwaibisha.

(b) Tuulize maswali matatu juu ya kila fundisho linalogawa watu: nani alilisema, lini, na nani alipata faida?

(c) Walimu wa Kipaimara wawafundishe vijana habari za Simeoni Nigeri na towashi wa Kandake kama wanavyowafundisha za Kornelio.

(d) Wazee walioona mambo ya ukoloni waalikwe kusimulia, na vijana waandike kabla habari hizo hazijapotea.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika Mwanzo 9, ni nani aliyebariki, na ni nani aliyelaani? Tofauti yake ni nini kwetu?
2. Kwa nini habari ya kutoka Misri iliondolewa katika Biblia ya watumwa?
3. Ni maneno gani juu ya kabila au rangi tunayoyasema nyumbani mbele ya watoto?
4. Kuna mtu katika ushirika wetu tunayeogopa kula naye? Tunamwogopa nani tukila naye?

Sala: Ee Mungu, Baba wa jamaa yote ya wanadamu, uliyewabariki wana wote wa Nuhu, utufungue macho tulisome Neno lako kwa kweli, utupe ujasiri wa kukataa uongo tuliourithi, na upendo wa kutosha kumfundisha ndugu yetu bila kumdharau, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.