Mlango wa Mkahawa na Hukumu ya Dharau

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Somo hili ni la kubainisha hukumu ya mwenye kumzuia mtu mlangoni kwa ajili ya rangi yake, na hukumu ya watu katika ghadhabu yao.

Khabari yenyewe ni hii. Mwezi wa Machi 2015 gazeti la Daily Nation la Nairobi lilieleza ya kwamba mkahawa mmoja wa Kichina, katika mtaa wa Kilimani, ulikuwa haumruhusu Mwafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, isipokuwa dereva wa teksi, au aliyefuatana na Mchina, Mzungu au Mhindi. Wenyewe walijitetea kuwa mwaka 2013 waliibiwa, na kwamba hawawezi kupambanua mwema na mwizi. Watu wakaghadhibika nchi nzima. Serikali ikaufunga mkahawa, na mwenyewe akapelekwa mahakamani. Lakini shtaka lilikuwa la kuendesha mkahawa bila ya leseni, wala halikuwa la ubaguzi, ijapokuwa kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeukataza ubaguzi huo.

Mas'ala ya kwanza: Je, muuzaji hana khiari ya kumchagua mnunuzi?

Jawabu: Asili ya biashara ni maridhiano, kama ilivyo katika Sura An-Nisaa, aya ya 29. Muuzaji aweza kumkataa mlevi, au asiyelipa deni, au mwenye kuzusha ugomvi. Lakini sababu zote hizo zimo katika vitendo vya mtu, na rangi si kitendo. Amzuiaye mtu kwa rangi hakutumia khiari yake ya biashara, bali amedharau. Mtume (s.a.w.) amekieleza kibri kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu, kama alivyopokea Imam Muslim.

Mas'ala ya pili: Je, hofu ya wizi si udhuru?

Jawabu: Hofu yaruhusu tahadhari, hairuhusu dhulma. Mwenye mkahawa na aweke mlinzi, na mlinzi akipekua, na awapekue wote. Ama mwizi wa 2013, dhambi yake ni shingoni mwake. Sura Al-An'aam, aya ya 164, yakataza nafsi kubebeshwa mzigo wa nafsi nyingine.

Mas'ala ya tatu: Ni ipi hukumu ya ghadhabu ya watu?

Jawabu: Kuichukia dhulma ni wajibu, na kususia ni halali, kwa kuwa mnunuzi naye ana khiari yake. Lakini kwanza khabari ihakikishwe, kwa amri ya Sura Al-Hujuraat, aya ya 6. Kisha ghadhabu isivuke mpaka. Wako waliowatukana Wachina wote kwa kosa la mlango mmoja. Hao wamefanya lile lile walilolichukia: mkahawa uliwahukumu Waafrika wote kwa wezi wachache, nao wakawahukumu Wachina wote kwa mkahawa mmoja. Sura Al-Maida, aya ya 8, yakataza chuki ya watu isimwondoe mtu katika uadilifu.

Mfano wa karibu uko Tanganyika. Chini ya ukoloni mishahara, shule na hospitali viligawanywa kwa rangi. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 1961, walipotokea wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Nyerere alikataa, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kulikubali jambo hilo. Walioonja ubaguzi hawakuruhusiwa kuugawia wengine.

Mas'ala ya nne: Yawahusu nini watu wa Handeni na Korogwe?

Jawabu: Yawahusu sana. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaleta vibarua kutoka mbali, wakaitwa manamba. Mjukuu wa kibarua huyo, aliyezaliwa papa hapa, akiitwa manamba kwa kudharauliwa, ule ni mlango wa Kilimani. Mmasai aliyetoka mnadani na ng'ombe wake akiingia hotelini Handeni na fedha yake mkononi, akaambiwa akale nje, ule ni mlango wa Kilimani. Na mtu wa pwani amwitaye mtu wa bara mshenzi, naye ameusimamia mlango ule ule. Imam Bukhari amepokea ya kwamba Abu Dharr alimwaibisha mtu kwa asili ya mama yake, na Mtume akamwambia kuwa ndani yake ungalimo ujahili. Naye ni katika masahaba watukufu.

Basi ewe ndugu, ukiona mtu azuiwa mlangoni, mnasihi mwenye hoteli kwa upole. Akikataa, usile kwake, na umtolee ushahidi aliyedhulumiwa mbele ya wenye hukumu, kwani kifungu cha 13 cha Katiba ya Tanzania ya 1977 kiko pamoja naye. Na jioni, ukiwa barazani kwako, tazama ni nani ambaye hukumkaribisha kahawa, na kwa sababu gani.

Wallahu aalam.