Mweleze Fundi Mashine Yako

Mtu akienda mjini kununua tairi la baiskeli, mwenye duka humuuliza: "Baiskeli yako ni namba ngapi? Ishirini na sita au ishirini na nane?" Asiyejua namba hurudi mikono mitupu, au hununua tairi lisiloingia. Nauli imekwenda, fedha imekwenda, na baiskeli bado imeegemea ukuta.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Siku hizi kompyuta zimefika hata vijijini. Utaikuta katika ofisi ya chama cha ushirika, shuleni, zahanati, au katika kibanda cha kuchapa barua. Ndani yake mna hesabu za wanachama, majina ya wanafunzi na kumbukumbu za mauzo ya mazao. Siku ikiharibika, kazi inasimama. Fundi yuko mbali. Basi tunampelekea ujumbe kwa simu: "Fundi, kompyuta imekufa. Tusaidie."

Hebu tufikiri. Fundi huyo atatusaidiaje? Mashine haioni. Hajui ni ya aina gani, wala imekufa vipi. Mgonjwa akifika zahanati akasema "naumwa", kisha akanyamaza, mganga hawezi kumpa dawa. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Katika somo hili tutajifunza mambo ya kumweleza fundi. Jambo kubwa ni hili: andika habari za kompyuta yako leo, ikiwa nzima. Ikishazimika, nyingi ya habari hizo huwezi kuzisoma tena.

KWA NINI FUNDI ANATAKA NAMBA?

Kompyuta mbili zinaweza kufanana kwa nje, lakini ndani zikawa tofauti kabisa.

Chukua mfano wa ramu. Ramu ni kipande chembamba kinachoshika kazi unayoifanya wakati mashine inawaka. Ziko ramu za aina ya DDR3, na ziko za aina ya DDR4. Kila aina ina pengo dogo ukingoni, na mapengo hayo hayako mahali pamoja. Kwa hiyo DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR3, hata ukisukuma. Tena, ramu ya kompyuta ya mezani ni ndefu, na ya kompyuta ya kukunja ni fupi. Ukimwagiza mtu "niletee ramu" tu, anaweza kukuletea isiyofaa.

Chaja nayo ina hatari zaidi. Geuza chaja usome maandishi madogo. Penye neno INPUT ni umeme unaoingia. Penye neno OUTPUT ni umeme unaotoka kwenda kwenye kompyuta. Kwa mfano, OUTPUT inaweza kusema volti 19.5 na ampea 3.34. Ukizidisha namba hizo mbili unapata wati 65 hivi. Volti za chaja mpya lazima zilingane na zile ambazo kompyuta inataka. Ampea ziwe sawa au zizidi, zisipungue. Usichomeke chaja kwa sababu tu tundu limeingia. Volti zikizidi, mashine inaweza kuungua.

MAMBO SITA YA KUANDIKA

Chukua daftari. Andika haya:

1. Kampuni iliyoitengeneza, na jina kamili la mashine. Usiandike "Dell" tu au "HP" tu. Kampuni moja hutengeneza aina nyingi sana.
2. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta.
3. Ukubwa wa ramu, kwa mfano GB 4.
4. Ukubwa wa hadi diski, yaani ghala la kutunzia kazi zako.
5. Programu endeshi, kwa mfano Windows 10 au Windows 11.
6. Volti na ampea za chaja, na umeme unaotumia: wa nguzo, wa jua au wa jenereta.

UTAYAPATA WAPI?

Jina la mashine mara nyingi limebandikwa chini yake au mgongoni. Igeuze ikiwa imezimwa, usome.

Mambo mengine yamo ndani ya mashine yenyewe. Kama inatumia Windows, fanya hivi:

Kwanza, shika kitufe chenye alama ya dirisha. Ukiwa umekishika, bonyeza herufi R. Kisanduku kidogo kitatokea.

Pili, andika msinfo32, kisha bonyeza kitufe cha Enter.

Tatu, ukurasa wenye mistari mingi utafunguka. Maneno ni ya Kiingereza, lakini usiogope. Huhitaji kuyaelewa yote, unanakili tu. Mstari wa OS Name ni programu endeshi. Mstari wa System Model ni jina la mashine. Mstari wa Processor ni prosesa. Mstari wa Installed Physical Memory ni ramu.

Kuona hadi diski, shika tena kitufe cha dirisha, bonyeza herufi E, kisha chagua This PC. Utaona ukubwa wake na nafasi iliyobaki.

Nakili herufi kwa herufi, namba kwa namba. Usichanganye sifuri na herufi O, wala moja na herufi I. Hapa kila alama ina maana. Tazama prosesa hii: Intel Core i5-3320M. Ile 3 ya kwanza baada ya kistari inamwambia fundi kwamba ni ya kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka 2012. Hapo hapo anajua kwamba mashine haikubaliki rasmi kwa Windows 11. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Namba moja tu imemweleza yote hayo.

ELEZA NA UGONJWA

Ukishataja mashine, eleza tatizo. Jibu maswali haya manne:

Lilianza lini? Nini kilitokea kabla yake: ilianguka, ilimwagikiwa maji, umeme ulikatika, au mtu aliingiza programu mpya? Sasa unaona nini na kusikia nini? Umekwisha kujaribu nini?

Kama kuna maneno yametokea kwenye kioo, yanakili yote au yapige picha kwa simu. Usiseme "imeandika Kiingereza fulani". Kiingereza hicho fulani ndicho anachokitaka fundi!

Na usione haya. Kama mtoto aliimwagia chai, sema chai. Fundi hakuja kugombeza. Ukificha, atatafuta ugonjwa usiokuwepo, na siku zake utazilipa wewe.

UJUMBE MZURI

Tusome ujumbe wa katibu mmoja wa chama. Ni mfano tu:

"Fundi, habari za kazi. Kompyuta yetu ni ya kukunja, Dell Latitude E6430. Prosesa ni Intel Core i5-3320M. Ramu GB 4, hadi diski GB 320. Ina Windows 10. Chaja ni volti 19.5, ampea 3.34. Tunatumia umeme wa nguzo. Jumapili usiku umeme ulikatika na kurudi mara tatu, na kompyuta ilikuwa imechomekwa. Tangu Jumatatu ukiiwasha, taa inawaka na feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi. Haitoi mlio. Tumetoa betri na kuirudisha, hali ni ile ile. Hesabu za wanachama zimo ndani na hatuna nakala. Tafadhali usifute kitu kabla ya kutuuliza."

Ona sasa fundi anavyofikiri. Feni inazunguka, basi kuna umeme unaofika ndani. Kioo ni cheusi, basi huenda ni kioo chenyewe au ramu. Atawaambia: "Iwasheni, mmulike kioo kwa tochi. Mkiona picha hafifu, taa ya kioo ndiyo iliyokufa." Kama picha haipo, atajua aanze na ramu, na aje na DDR3 fupi mfukoni. Tena amejua kwamba hadi diski ni ya kuchungwa kama yai. Huenda mambo yakaisha kwa safari moja badala ya tatu.

MAMBO YA KUTOTOA OVYO

Kusema wazi si kusema kila kitu. Namba ya siri ya simu ya fedha au ya benki usimpe mtu yeyote, hata akisema ni fundi. Kazi yake haiihitaji. Kompyuta ikiwa na neno la siri, nenda ulifungue mwenyewe. Akilihitaji kwa kazi, libadilishe mara kazi ikiisha. Mashine pia ina namba yake peke yake, na kwenye Dell huitwa Service Tag. Namba hiyo humwonyesha fundi jinsi mashine ilivyotoka kiwandani. Mpe fundi unayemjua, lakini usiitawanye kwa watu wengi.

Kisha kumbuka: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila wiki weka nakala ya hesabu katika flashi, na flashi itunzwe mahali pengine, mbali na kompyuta. Mashine ikifa, hununuliwa nyingine. Hesabu za wanachama zikipotea, hazina duka.

Ndugu wasomaji, tulipojifunza kusoma na kuandika, wapo waliouliza: "Mtu mzima itamsaidia nini?" Itamsaidia hivi. Anayeweza kunakili mstari mmoja sawasawa ameshaifanya nusu ya kazi ya fundi. Karatasi ile ya mambo sita ibandikwe ukutani karibu na kompyuta, ili hata katibu akisafiri, aliyebaki aweze kuisoma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ni vizuri kuandika habari za kompyuta kabla haijaharibika?
2. Chaja ina volti 12, na kompyuta inataka volti 19.5. Je, tuichomeke? Kwa nini?
3. Mtu amemwandikia fundi: "Kompyuta yetu ni HP, imegoma." Taja mambo manne aliyoyasahau.
4. Ni mambo gani tusiyompa fundi, na kwa nini?

ZOEZI

Nendeni wawili wawili penye kompyuta, redio au pampu ya maji ya kijiji. Mmoja asome maandishi yaliyobandikwa, mwingine ayanakili. Kisha badilishaneni, mlinganishe. Kama namba hazifanani, someni tena mpaka zifanane.