Mwalimu ametangaza ugonjwa wa mwanangu

SWALI: Mwalimu wa darasa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba mwanangu ana kifafa na "anasumbua wenzake". Sasa watoto wa mtaani wanamkimbia. Je, ana ruhusa? – Mama wa Gredi ya 4, Magogoni, Kisauni

JIBU: Hana, mama. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti, na za mtoto zahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Shule hazikuachwa nje: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha tu, sembuse kifafa!

Lakini usimfunge mwalimu mdomo kabisa. Mwalimu wa michezo, hata dereva wa basi, yafaa ajue la kufanya mtoto akianguka: amlaze ubavu, asimtie kijiko mdomoni, atazame saa, dakika zikizidi 5, hospitali. Hayo mkubaliane ofisini, kwa maandishi. Tabia nayo ni mazungumzo yako na mwalimu, si ya kundi. Ila akishuku mtoto anadhulumiwa, hangoji idhini ya mtu; anaripoti.

Anza kwa mwalimu mkuu, udai ujumbe ufutwe (upige picha ya skrini kwanza). Akikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hulipi kitu.