Fedha za umma katika shule binafsi: Tudai fungu au tudai haki?



Ijumaa moja baada ya swala, hapa Karatu mjini, wazee wa msikiti waliniita pembeni. Wana azma ya kujenga sekondari ya Kiislamu, kiwanja kimeshapatikana, lakini mfuko ni mdogo. Mmoja wao akaniambia: "Ustadhi, wewe ndiye msomi wetu. Tuandikie barua Serikalini. Wenzetu wanapewa miaka yote, na sisi tupewe."

Nilimwitikia, kwani mzee hakatazwi mbele ya watu. Lakini nilipokaa mezani usiku ule kalamu ikawa nzito. Nilijiuliza: tunachodai ni fungu letu, au ni haki ya mtoto? Naomba ndugu msomaji tulitazame suala hili kwa utulivu, maana ni zito kuliko inavyodhaniwa.

Wanafunzi wawili

Nafundisha vipindi vya dini katika shule mbili, moja ya kata na nyingine ya binafsi. Katika shule ya kata nina binti anayetoka bonde la Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, ambako wazazi wake wanalima vitunguu. Kwao ni mbali, shule haina bweni, hivyo amepangishiwa chumba mtaani na wenzake wawili. Wanajipikia, wanajilinda, wanajisomea kwa tochi ya simu. Mwaka juzi walikuwa wanne. Wa nne alipata ujauzito akarudi kwao.

Katika shule ya binafsi nina kijana wa umri huo huo. Ana bweni, maabara, na mwalimu wa hesabu asiyekosa kipindi. Ada yake inalipwa na mfadhili wa Ulaya aliyekuja kutazama wanyama kreta ya Ngorongoro akaguswa na familia ile. Kijana ni mwema na anastahili. Ila binti yule naye amekosa nini, zaidi ya kutokutana na mtalii?

Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 Serikali imefuta ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na sita. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kwa binti yule ada iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kodi ya chumba haikufutwa, wala unga, wala hatari ya kuishi peke yake.

Historia haikuanza jana

Wapo wanaodhani suala la Serikali kuzisaidia shule zisizo zake ni jipya. La hasha. Utawala wa Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, ulitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokidhi masharti yake, wakati madrasa zetu hazikuhesabiwa kuwa shule. Tofauti ya elimu iliyolalamikiwa baada ya uhuru ilipata mizizi hapo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa Serikali, ili mtoto asome bila kuulizwa dini yake.

Mwaka 1992 ikaja Hati ya Makubaliano kati ya Serikali na makanisa, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, kuhusu huduma za afya na elimu. Kwa miaka mingi Waislamu wamehoji kwa nini makubaliano yanayogusa fedha za walipa kodi wote yafanywe na upande mmoja. Hoja hiyo ni ya msingi na bado haijapata jibu la kuridhisha. Lakini tuwe waangalifu: kosa la makubaliano ya upande mmoja halitibiwi kwa makubaliano ya pande mbili, huku mtoto wa Mbarbaig au wa Mhadzabe, ambaye hana askofu wala shekhe wa kumsemea, akiachwa nje ya mlango.

Hospitali si sawa na shule

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Wilaya ya Ngorongoro kwa miaka mingi imetegemea hospitali ya Wasso, ya Kanisa Katoliki, kama hospitali teule ya wilaya. Karatu nako hospitali ya Walutheri imebeba jukumu la namna hiyo. Serikali ilichangia mishahara na uendeshaji, nao wakatibu wananchi. Mama wa Kimasai akifika Wasso na uchungu wa kuzaa hapewi mtihani wa kujiunga, wala hatolewi wodini kwa kuwa mwenzake ana afya bora kuliko yeye.

Shule binafsi hufanya kinyume. Huchuja mlangoni kwa mtihani, huchuja tena kwa ada, na nyingine humwondoa mwanafunzi dhaifu kabla ya mtihani wa taifa ili jina la shule libaki juu. Fedha ya umma ikiingia hospitali huenda kwa anayehitaji zaidi. Ikiingia shule inayochuja huenda kwa aliyekwisha kupata. Hapo ndipo penye tatizo, awe mwenye shule padri, shekhe au mfanyabiashara.

Wenzetu wamejaribu

Jirani zetu Uganda mwaka 2007 walianzisha elimu ya sekondari kwa wote, na pasipo na shule ya Serikali wakazilipa shule binafsi shilingi zao 47,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Maelfu ya watoto wa vijijini wakapata dawati. Lakini usimamizi ulikuwa dhaifu, wakazuka wanafunzi hewa na michango ya juu ya ruzuku, na mwaka 2018 Serikali ikaanza kujitoa.

Chile walianza mwaka 1981. Fedha ilimfuata mwanafunzi popote, lakini shule ziliruhusiwa kuchagua na baadaye kutoza nyongeza. Matajiri wakajikusanya kwao na maskini kwao, hadi wanafunzi wakaandamana mwaka 2006 na 2011. Sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyokuja kuzuia uchujaji, nyongeza na faida katika shule zinazopewa fedha hizo.

Uholanzi, tangu mwaka 1917, Katiba yao inazipa shule za dini fedha sawa na za Serikali. Kwa mlango huo huo, mwaka 1988 Waislamu wa huko walifungua shule zao za msingi za kwanza kwa fedha za umma. Hawakuhitaji makubaliano maalumu. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, pamoja na ukaguzi na viwango vya walimu.

Nami nisijitoe. Mimi ni zao la fedha hizo. Nilisoma Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, chuo binafsi, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Fedha ile ilinifuata kwa sababu ya uhitaji wangu, na wenzangu wa vyuo vya makanisa iliwafuata vivyo hivyo. Ngorongoro nako, Baraza la Wafugaji kwa miaka mingi lililipia masomo ya watoto wa wafugaji kwa fedha zilizotoka Mamlaka ya Hifadhi. Katika eneo ambalo kilimo kimepigwa marufuku na mzazi hana cha kuuza ila ng'ombe, msaada ule ulikuwa ndio mlango pekee kwa wengi.

Funzo la Badri

Vitabu vya sira vinaeleza kwamba mateka wa Badri waliojua kusoma na kuandika, na wasio na fidia, Mtume (s.a.w.) aliwakubalia wafundishe watoto wa Answari. Kila mmoja watoto kumi. Tuzingatie mambo matatu. Fidia ile ilikuwa mali ya umma. Walimu wale hawakuwa Waislamu. Na malipo yalikuwa na kipimo: mateka hakuachiwa mpaka watoto wajue kuandika. Hatusomi kwamba walioneemeka ni watoto wa wakubwa peke yao.

Na katika Suratul-Maida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anatukataza chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Basi hata tunapodai kwa wenzetu, tudai kwa mizani hiyo.

Barua niliyoandika

Nimewaandikia wazee barua yao, nayo ina mambo manne. Kwanza, Serikali ijenge mabweni katika shule za kata, hasa kwa wasichana wa maeneo ya mbali, kabla ya kuigawia shule binafsi shilingi yoyote. Pili, pale ambapo shule ya Serikali haifikiki, imlipie mtoto mhitaji katika shule yoyote iliyo karibu, bila shule kumchuja wala kumtoza nyongeza. Tatu, mkataba uwe mmoja kwa wamiliki wote, uwe wazi kwa wananchi, na hesabu zikaguliwe. Nne, mtoto anayelipiwa na umma asilazimishwe ibada isiyo yake. Hili litubane na sisi: Mkristo akisoma kwetu kwa fedha hiyo, aheshimiwe.

Mzee aliisoma taratibu, akavua miwani. "Ustadhi, hapa hujatuombea kitu."

Nikamjibu: "Mzee wangu, nimemwombea yule binti wa Mang'ola. Akipata yeye, wetu hawatakosa."

Hakusema neno. Akaomba kalamu, akatia sahihi. Wengine wawili bado wanatafakari, nami nawaombea tawfiki.

Katiba yetu, ibara ya 11, inaitaka Serikali ijitahidi kuhakikisha fursa sawa ya elimu. Tuisimamie hiyo kwa ajili ya kila mtoto, na fungu letu litakuwa humo humo.

Wabillahi tawfiq.