Somo kwa Vyama vya Msingi: Mabomba ya Maji Machafu Katika Nyumba ya Kujijengea

Mwanachama anayejijengea nyumba huziona kazi zake nyingi kwa macho yake kila siku. Ukuta uliopinda hauhitaji kutafutiwa shahidi, na bati lililotoboka hujitangaza lenyewe mvua ya kwanza ikinyesha. Mabomba yanayochukua maji machafu hayako hivyo. Yakisha kutandikwa hufukiwa kwa udongo, na juu yake humiminwa zege. Kosa lililofanyika humo hukaa kimya mwaka mmja au miwili, kisha hujitokeza kwa harufu, kwa ukuta uliolowa, au kwa ugonjwa wa kuhara. Kulisahihisha wakati huo ni kuivunja sakafu iliyolipiwa.

Kwa sababu hiyo msingi wa somo hili ni neno moja: kazi inayofukiwa haina budi kukaguliwa kabla ya kufukiwa. Makatibu wa vyama wanaombwa kulisoma mbele ya wanachama, hasa wale waliokopa fedha za ujenzi au wanaotarajia kukopa.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wa Tanzania katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja, na vyoo vya shimo vikachimbwa kwa wingi vijijini. Choo kile kilisimama mbali na nyumba. Siku hizi wanachama wengi hujenga choo na bafu ndani. Uchafu uliokuwa ukikaa uani sasa huanza safari yake chini ya sakafu ya watu waliolala. Faida yake ni kubwa kwa wazee, wagonjwa na watoto, lakini haipatikani ila kwa kazi iliyofanywa kwa kanuni.

1. Aina za maji na ukubwa wa mabomba

Maji yatokayo nyumbani ni ya namna mbili. Kwanza ni maji ya chooni, yenye kinyesi. Pili ni maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo. Maji ya choo huhitaji bomba la inchi 4, ambalo kwa kipimo cha nje ni milimita 110. Sinki na bafu hutosheka na bomba la inchi 1½ au 2, na beseni la kunawia mikono inchi 1¼. Bomba lisipunguzwe ukubwa kadiri liendavyo mbele. Linaweza kupanuka, lakini kamwe lisibanwe.

Maji ya mvua yatokayo kwenye paa yasiunganishwe na mabomba haya. Mvua kubwa ya siku moja hulijaza tangi la maji machafu, huuvuruga uchafu uliotuama chini, na kuusukuma hadi kwenye shimo la kunyonya, ambalo huziba.

2. Trapu na bomba la hewa

Chini ya kila sinki, beseni na bafu huwekwa kipande cha bomba kilichopindwa, ambacho mafundi hukiita trapu. Bakuli la choo huwa na trapu yake ndani. Kazi ya kipande hicho ni kubakiza maji kidogo kila baada ya matumizi. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu na wadudu wasipande kutoka kwenye bomba. Kwa choo, kina cha maji hayo huwa milimita 50, na kwa trapu nyembamba za masinki milimita 75.

Mlango huo unaweza kufunguliwa pasipo mtu kujua. Maji mengi yanaposhuka kwa nguvu ndani ya bomba lisilo na hewa, huvuta nyuma yake yale maji yaliyosimama katika trapu. Dalili yake ni sinki kugugumia choo kinapovutwa. Dawa yake ni bomba la hewa. Bomba hilo huanzia kwenye njia ya maji ya choo, husimama wima kando ya ukuta, na kutokeza juu ya paa. Ikiwa kuna dirisha lililo karibu, chini ya meta 3, ncha ya bomba iwe juu ya dirisha hilo kwa sentimeta 90 au zaidi. Ncha hiyo hufungwa wavu, ndege na mbu wasiingie. Wako wanaoacha bomba la hewa ili kuokoa gharama ya vipande vichache vya bomba. Hao hununua harufu ya kudumu.

3. Mteremko

Maji machafu hayasukumwi na pampu. Huteremka kwa uzito wake. Kipimo kinachofaa kwa bomba la inchi 4 ni kushuka sehemu 1 kwa kila sehemu 40, yaani sentimeta 2.5 kwa kila meta. Mteremko ukiwa hafifu, uchafu hubaki njiani na kujikusanya. Mteremko mkali kupita kiasi nao hauna faida, kwani huulazimisha mtaro na tangi kwenda chini bila sababu.

Uchukuliwe mfano wa nyumba ambayo bomba lake lina urefu wa meta 14 kutoka ukutani hadi kwenye tangi, na kiwanja ni tambarare. Meta 14 mara sentimeta 2.5 ni sentimeta 35. Hicho ndicho kiasi ambacho bomba litashuka. Vigingi viwili hupigwa, kimoja ukutani na kimoja tangini, na kamba hufungwa sawasawa, sentimeta 30 juu ya ardhi. Usawa wa kamba hupimwa kwa mpira wa kuonekana ndani uliojazwa maji, kwa kuwa pimamaji fupi haiaminiki kwa urefu huo. Kutoka kwenye kamba, tumbo la chini la bomba liwe sentimeta 100 ukutani na sentimeta 135 tangini. Katikati, kila meta huongezewa sentimeta 2.5. Ukiongezwa mchanga wa kulalia bomba wa sentimeta 10, mtaro utachimbwa sentimeta 80 kutoka usawa wa ardhi ukutani, na sentimeta 115 tangini.

Fundi anayepima kwa jicho hawezi kujibu akiulizwa bomba limeshuka kiasi gani. Aliyefunga kamba anaweza, na mwanachama yeyote mwenye futi ya kupimia anaweza kumhakiki.

4. Kutandika na kuunga

Kazi huanzia chini kwenda juu, yaani kutoka tangini kuelekea nyumbani. Mdomo mpana wa kila bomba huelekezwa upande yatokako maji, ili ncha ya bomba la juu iingie ndani yake. Bomba lisilazwe juu ya mawe wala vipande vya tofali. Lilale juu ya mchanga au kokoto ndogo, na chini ya kila mdomo ufukuliwe mchanga kidogo, bomba lisije likabebwa na midomo yake peke yake.

Ncha iliyokatwa kwa msumeno husuguliwa mpaka mabaki yaishe, kwani uzi mmoja uliobaki hunasa nywele na karatasi. Kiungo cha gundi hupanguswa kikawa kikavu kabla ya kupakwa. Kiungo cha ringi ya mpira hupakwa sabuni, wala si mafuta, kwa sababu mafuta huuharibu mpira. Mahali pa kukata kona, elbo mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya nyuzi 90. Na bomba linaloingia katika jingine liingie mshazari kufuata mwendo wa maji, lisiyakabili.

Bomba linapopita katika msingi, liachiwe nafasi ya sentimeta 5 pande zote, na juu yake iwekwe linta ndogo. Nyumba mpya hutitia kidogo. Msingi ukililalia bomba, bomba huvunjika. Mahali gari litakapopita, juu ya bomba pawe na udongo wa sentimeta 90 au pawekwe bamba la zege. Mabomba ya plastiki yanayongojea kazi yatunzwe kivulini, kwa maana jua huyafanya kuwa mepesi kuvunjika.

5. Chemba, tangi na shimo la kunyonya

Chemba hujengwa kila mahali bomba linapopinda, linapopokea bomba jingine, au linapobadili mteremko. Ni mlango wa kuzibulia. Pasipo na chemba, bomba likiziba hapana njia ila jembe na nyundo.

Tangi hugawanywa vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Maji yakae humo kwa muda usiopungua saa 24 ili uchafu mzito utuame. Bomba la kuingilia liwe juu kidogo ya lile la kutokea, kiasi cha sentimeta 5 hadi 7.5, na kila moja liwe na tii inayoelekea chini, ili mafuta na povu linaloelea lisitoke. Uchafu ukifika theluthi ya kina, gari la kunyonya liitwe. Mtu asishuke ndani ya tangi kwa sababu yoyote. Hewa iliyomo huua, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huweza kufa pamoja naye.

Kutoka tangini maji huenda kwenye shimo la kunyonya, ambako huingia ardhini yakiwa bado na vijidudu vya maradhi. Hapa jambo linakuwa la jirani pia. Shimo liwe mbali na kisima chochote kwa meta 30 au zaidi, liwe upande wa chini wa mteremko wa ardhi, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa meta 1.5. Kiwanja kisichokuwa na nafasi hiyo hakifai shimo la kunyonya, hata kama fedha ziko tayari. Mwenye kiwanja cha namna hiyo amwendee Afisa Afya kabla ya kuchimba, wala asimwendee baada ya watoto wa jirani kuugua.

6. Ukaguzi kabla ya kufukia

Majaribio matatu yanatosha, na yote huweza kufanywa na wanachama wenyewe mtaro ukiwa bado wazi.

La kwanza ni la mwanga. Tochi huwashwa katika chemba moja, na mtu huchungulia kutoka chemba ya pili. Akiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Akiona nusu duara, limepinda au limezama.

La pili ni la mpira. Mpira mdogo, mwembamba kidogo kuliko bomba, hutiwa kwenye ncha ya juu. Ukibingirika wenyewe hadi chini, njia ni safi.

La tatu ni la maji. Ncha ya chini huzibwa, kwenye ncha ya juu husimamishwa kipande cha bomba, na maji hujazwa mpaka yasimame meta 1.5. Yakisha kutulia hutiwa alama, na baada ya nusu saa alama hutazamwa. Yakipungua, kila kiungo hupapaswa mpaka kinachovuja kipatikane.

Ndipo mchanga umwagwe hadi sentimeta 10 juu ya bomba, na udongo urudishwe tabaka kwa tabaka ukishindiliwa kwa mkono.

7. Wajibu wa chama

Chama kinachokopesha fedha za ujenzi hutoa mkopo kwa hatua: msingi, kuta, paa. Yafaa kamati iongeze hatua moja, ya mabomba, na fedha za sakafu zisitolewe kabla wajumbe wawili na mkopaji hawajashuhudia majaribio na kutia sahihi. Katibu aweke katika jalada la mkopaji mchoro wa njia ya mabomba, wenye vipimo kutoka kona za nyumba. Mchoro huo hautamgharimu mtu zaidi ya karatasi moja, na miaka kumi baadaye utawaonyesha warithi mahali pa kuchimba.

Huenda mkopaji akanung'unika kwamba anacheleweshwa. Kamati imkumbushe kwamba mkopo ni akiba ya wanachama wote, na nyumba ndiyo dhamana yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ulio chini ya zege hauzibiki kwa urahisi, na ndiyo maana hutafutwa mapema.

Maswali ya mazungumzo

1. Bomba lina urefu wa meta 18. Kwa kipimo cha 1 kwa 40, litashuka sentimeta ngapi?
2. Ni kwa nini sinki hugugumia choo kinapovutwa, na dawa yake ni ipi?
3. Je, viwanja vya wanachama wenu vina nafasi ya meta 30 kati ya shimo na visima? Kama havina, chama kinaweza kuomba au kujenga nini kwa pamoja?
4. Katika chama chenu, ni nani wanaofaa kuteuliwa kushuhudia majaribio, na fedha za hatua ipi zizuiwe mpaka yafanyike?